Mji Uliosahau Kiu

Dokta Theodosia Margwe aliitwa kituo cha afya cha Gidamowa kwa sababu ya mkojo. Hakuwa daktari wa watu. Udaktari wake ulikuwa wa kemia, na pale mjini walimjua kama mama wa utando, yule aliyelifunika bwawa ili jua lisilinywe. Lakini Nesi Remigia aling'ang'ania kwenye simu. "Njoo uone mwenyewe, Dokta. Mimi nimeshindwa kuelewa."

Kwenye kitanda cha karibu na mlango alilala Gwandu, mfyatua matofali, kijana mwenye mabega mapana ambaye kwa kawaida hubeba tofali mbichi kama anabeba mikate. Alikuwa ameanguka akiwa kazini, karibu na tanuri. Midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yamezama ndani. Remigia alionyesha chupa ya mkojo wake, mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno.

"Muulize kama ana kiu," alisema nesi.

"Una kiu, Gwandu?"

"Hapana, Dokta. Niko sawa tu. Miguu ndiyo inakataa."

"Leo umekunywa maji?"

Gwandu alifikiri. Ilikuwa wazi hawezi kukumbuka, na kwamba swali lenyewe linamshangaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama leo amepepesa macho.

Remigia alimvuta Theodosia pembeni, karibu na stendi za dripu. "Wote wanajibu hivyohivyo. Bibi wa kule mwisho figo zimesimama, anakwambia hana kiu. Mtoto wa Mama Qamara analia bila machozi, ukimpa titi analikataa. Mwanzo nilidhani ni joto. Halafu jana nikajitazama mwenyewe. Nilikunywa chai asubuhi, nikaja kukumbuka maji jioni, na nimeyakumbuka kwa kuwa nilikuwa nawawekea wengine dripu." Akashusha sauti. "Dokta, wewe mara ya mwisho kusikia kiu ilikuwa lini?"

Theodosia alihesabu siku akirudi nyuma. Alimaliza wiki nzima bila kuikuta kiu hata mara moja.

*

Bwawa lilikuwa juu ya mji, limejaa kuliko mabwawa yote ya ukanda ule. Mvua ilikuwa imegoma miaka mingi. Serikali ilikuwa na utaratibu wake: maji ya mji yakishuka chini ya alama nyekundu, mji unafungwa. Malori yanakuja, watu wanapakiwa na magodoro yao, wanapelekwa kwenye makambi ya pwani, na milango inapigwa misumari. Mji wa Dirangaw ulifungwa hivyo, na miji mingine nyuma yake. Gidamowa ilibaki kwa sababu ya ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya maji yake, nyembamba kiasi kwamba huioni, ila upepo ukivuma unaona viwimbi vinakosa nguvu ya kuinuka.

Ngozi hiyo alikuwa ameitengeneza Theodosia. Kila molekuli yake ilikuwa na kichwa na mkia. Kichwani aliweka naitrojeni, kwa kuwa naitrojeni hupenda maji na ingekishika kichwa mahali pake. Mkia ulikuwa mnyororo mrefu wa kaboni unaoyakimbia maji na kusimama juu yake kama majani ya mpunga. Tatizo la tando za zamani lilikuwa upepo, ulizikunja na kuzisukuma ukingoni. Theodosia alilitatua kwa bromini. Aliipachika chembe ya bromini kwenye kaboni ya nne kutoka kichwani, na uzito wake ukazifanya molekuli zishikane bega kwa bega. Chuoni walimpigia makofi. Droni zilipolinyunyizia bwawa kwa mara ya kwanza, wanawake wa Gidamowa walipiga vigelegele mpaka wakakauka sauti.

Sasa alichuchumaa ukingoni, akachota maji na kuyanusa. Palikuwa na harufu hafifu ya samaki waliolala. Aliijua harufu ile. Ni harufu ya amini, ya naitrojeni iliyo huru, haijafungwa na asidi yoyote. Ukingoni mawe yalikuwa na ukoko mweupe wa magadi.

Alirudi maabara akiwa anatembea haraka, na njiani tayari alikuwa anajua. Alichokwenda kutafuta ni uthibitisho wa kwamba amekosea.

Aliyamimina maji kwenye testi tyubu, akaongeza asidi ya naitriki kuyaua magadi, yakachemka mapovu na kutulia. Kisha akadondosha nitrati ya fedha. Bromini ikiwa imeshikwa na kaboni, nitrati ya fedha haiioni. Ni lazima iwe imeng'oka na kuzama majini ikiwa peke yake. Maji yakawa na ukungu, na ukungu ukashuka chini kama unga. Hilo peke yake halikusema kitu, maana maji ya magadi yana chumvi ya kawaida, na klorini yake hutoa unga mweupe. Akaongeza amonia iliyozimuliwa. Unga wa klorini huyeyuka ndani ya amonia na kupotea.

Sehemu yake ilipotea. Nyingine ikabaki, rangi ya maziwa yaliyoganda, na hata alipotikisa haikuondoka.

Bromini ilikuwa imeng'oka.

Alikaa kwenye stuli na kuichora karatasini ingawa haikuhitaji kuchorwa. Kule chuoni alikuwa ameujaribu utando kwenye maji ya bomba, yenye asidi kidogo. Katika maji ya namna hiyo naitrojeni hushika protoni, na jozi yake ya elektroni inakuwa na kazi ya kufanya. Maji ya magadi huipokonya ile protoni. Naitrojeni inabaki mikono mitupu, inatafuta cha kushika, na kaboni ya nne iko karibu kabisa, imedhoofishwa na bromini inayovuta elektroni upande wake. Mnyororo unajipinda. Kichwa kinaishambulia kaboni ile, bromini inatupwa nje, na kilichokuwa mstari kinakuwa pete ya pembe tano. Haikutokea kwa kila molekuli, wala kwa haraka. Utando ulikuwa bado mzima juu. Lakini kidogokidogo, siku baada ya siku, pete zilikuwa zinachujika kwenda chini, zinaingia kwenye mabomba, zinaingia kwenye watu. Na mahali fulani ndani ya ubongo, pale panapoamua kwamba mwili sasa unataka maji, pete ilikuwa inakaa mlangoni na kuufunga.

Alijua kwamba Gidamowa ina magadi. Mtu yeyote aliyewahi kupika maharage pale anajua. Aliiona namba ya alkali kwenye vipimo vya mwanzo, akasema ni ndogo, haitafika popote, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kinakimbia na Dirangaw ilikuwa inapigwa misumari. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo.

Kabla ya kuondoka alijaza bilauri maji, akanywa yote kwa lazima. Tumbo lilijaa. Koo halikufurahi wala kuchukia.

*

Mhandisi Ntandu, mkuu wa mamlaka ya maji, alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa Dirangaw. Mama yake alikufa kambini pwani, na hakuwahi kulizungumzia.

"Ukiutoa utando," alisema mwishowe, "maji yatakaa mpaka lini?"

"Hayatafika mvua. Kama mvua ipo."

"Na mji utafungwa."

"Ndiyo."

"Asidi je? Si umesema asidi inaizuia ile naitrojeni?"

"Magadi yataila asidi yote tutakayomwaga, Mhandisi. Tungehitaji treni nzima ya asidi, na tungeua kila kitu humo ndani. Halafu pete iliyokwisha kufungwa haifunguki. Bromini imeshaondoka, hairudi."

"Na watu? Watabaki hivyo maisha yao yote?"

"Sidhani. Mtu akiacha maji haya, mwili utazitoa pete taratibu. Miezi, labda. Lakini wakiendelea kuyanywa..."

Ntandu alisimama, akaenda dirishani. Chini mjini shule zilikuwa zimetoka, na uwanja ulijaa sare za kijani.

"Kwa hiyo sumu yenyewe haiui," alisema. "Kinachoua ni kutokunywa."

"Ni yale yale tu."

"Si yale yale. Mtu anaweza kunywa bila kiu. Mimi nakula dawa za presha kila siku, sina njaa nazo. Tuweke king'ora. Kikilia, mji mzima unakunywa. Tuseme ni kampeni ya afya." Aligeuka. "Tukiwaambia ukweli leo, Dokta, kesho nusu watakimbia na nusu watakwenda kuuchana utando kwa mikono yao. Wizara itasikia. Malori yatakuja. Unajua wazee wangapi wanafika pwani wakiwa hai?"

"Watu wana haki ya kujua wanachokunywa."

"Wana haki pia ya kufia nyumbani kwao. Nipe mpaka mvua. Mvua ikinyesha tunautoa, na hapo utasema chochote unachotaka. Mimi mwenyewe nitakaa pembeni yako."

Theodosia alijua pale pale kwamba alitakiwa kukataa. Baadaye, kila alipojaribu kuyakumbuka mazungumzo yale, alitafuta mahali Ntandu alipomtisha, na hakupaona. Alichokiona ni yeye mwenyewe akihisi mzigo unapungua begani. Kama kungekuwa na king'ora, basi hilo lisingekuwa tena kosa lake. Lingekuwa kipimo cha dawa tu.

"Mpaka mvua," alisema.

*

King'ora kilifanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kililia mara kadhaa kwa siku, na mji ukajifunza kunywa kama unavyojifunza foleni. Walimu walisimamisha vipindi. Mafundi waliweka nyundo chini. Redio ya mji ilipiga wimbo wa kampeni, na wahubiri wakautania kanisani. Gwandu alirudi tanurini. Yule bibi wa figo aliruhusiwa. Remigia alimtumia Theodosia ujumbe: *Vitanda vimepungua. Sijui mmefanya nini lakini Mungu awabariki.*

Aliusoma ujumbe ule mara nyingi, na hakuwahi kuujibu.

Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi Fabiola, fundi cherehani. Fabiola hakuwa anasikia tangu utotoni, homa ilimchukulia masikio, na alikuwa amejijengea lugha ya mikono ambayo mtaa mzima uliijua nusunusu. Aliishi peke yake. Alicheka kwa sauti kubwa asiyoisikia, na aliweza kukutazama tu ukipita barabarani akajua umepungua kiuno.

Theodosia alimpelekea gauni la kupunguza. Fabiola alikuwa anampima kwa tepu wakati king'ora kilipolia. Theodosia alitoa chupa mkobani na kunywa, na nje, kupitia mlango uliokuwa wazi, watu wote wa barabara ile walisimama na kuinua vikombe kwa pamoja.

Fabiola aliwatazama, akamtazama yeye, akaangua kicheko. Alionyesha nje kwa kidevu, akafanya ishara ya mbuzi walioinamia birika. *Mna nini siku hizi? Mnakunywa kama mbuzi.*

Mikono ya Theodosia iliinuka. Alikuwa na ishara ya maji. Alikuwa na ishara ya bwawa, ya ugonjwa, na ya mimi. Zingetosha. Angeweza kujionyesha kidole kifuani, akaonyesha maji, akaonyesha kichwa, na Fabiola, ambaye maisha yake yote alikuwa anasoma watu, angeielewa habari yote. Halafu angewaambia wateja wake. Angeweza kuwaambia wote.

Theodosia aligusa kifua, akaonyesha msuli wa mkono. *Afya.*

Fabiola alibetua midomo, akafanya ishara kwamba yeye afya anayo, na akarudi kwenye tepu yake.

Njiani kurudi nyumbani Theodosia alijiambia kwamba atampitia kila jioni. Alimpitia siku iliyofuata, na siku nyingine. Kisha Ntandu alimwita bwawani kwa ajili ya droni zilizoharibika, akakaa huko kutwa, na kutwa nyingine.

*

Ndugu wa Fabiola, Boay, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyemkuta mchana. Fabiola alikuwa ameinamia cherehani kama aliyesinzia, shavu juu ya kitambaa, na mota yake ya umeme wa jua bado inazungusha gurudumu taratibu. Remigia alikuja, akamgusa ngozi ya mkono, akaivuta kidogo, na ngozi ikabaki imesimama bila kurudi.

"Maji," alisema Remigia. "Hakunywa maji."

"Mtungi umejaa," alisema Boay. Alikwenda kuuonyesha, kana kwamba wanabishana. "Huu hapa, umejaa. Kwa nini asinywe?"

Walimzika kesho yake asubuhi, kwenye makaburi ya nyuma ya kanisa. Theodosia alisimama na wanawake wa mtaa. Mchungaji alipokuwa katikati ya sala, king'ora kililia mjini, na waombolezaji wote, bila kuwaza, walitoa chupa zao na kunywa. Boay hakunywa. Aliwatazama mmoja mmoja, na Theodosia aliona uso wake ukibadilika.

"Hakukisikia," alisema kwa sauti. Sala ikakatika. "Nyinyi wote mnakunywa mkiambiwa na hicho kidude. Yeye hakukisikia."

Mwanamke aliyekuwa pembeni ya Theodosia, jirani wa ukuta mmoja na Fabiola, alianza kulia. "Tungejua kina maana gani si tungemwambia, Boay. Mimi ningemwendea kila mara, ni hatua tu. Tulidhani ni mambo ya serikali. Tulidhani ni mchezo."

Theodosia alilitazama kaburi. Utando haukumuua Fabiola. Wala magadi, wala pete. Fabiola alikuwa na jirani wa ukuta mmoja, na jirani huyo hakuambiwa.

Theodosia akapiga hatua mbele, karibu na udongo mbichi, kabla hajapata nafasi ya kuanza kuchagua maneno.

"Maji ya bwawa yanaondoa kiu," alisema. "Ni utando wangu. Ninajua."

Aliwaeleza kwa Kiswahili cha jikoni, bila elektroni wala protoni. Kwamba alitengeneza kitu chenye kichwa na mkia, kwamba magadi yalikifanya kijing'ate, na kwamba kile kilichojing'ata kinaingia kichwani na kuzima kiu. Kwamba maji yenyewe hayaui mtu anayekunywa ya kutosha. Kwamba king'ora kiliwekwa kuficha jambo hili. Wengine walipiga kelele. Mtu alirusha donge la udongo, likampiga begani. Mama Qamara alikaa chini pale pale kwenye nyasi kavu, akamkumbatia mwanaye kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Boay alinyoosha mkono, na kelele zikapungua, kwa kuwa msiba ulikuwa wake.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya king'ora."

"Ulimwona Fabiola baada ya king'ora?"

"Alinipima gauni. Aliniuliza kwa nini tunakunywa."

"Ukamjibu nini?"

Theodosia alirudia ishara ile. Aligusa kifua, akaonyesha msuli. Hakukuwa na mtu wa mtaa ule asiyeielewa.

Boay aliitazama mikono ile. Kisha akachukua sepetu na kuendelea kufukia kaburi, na baada ya kidogo wanaume wengine wakamsaidia.

*

Mkutano ulikaa uwanja wa shule kuanzia mchana mpaka jua likaegemea upande. Mhandisi Ntandu alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alisema alichokifanya na sababu yake, na alipofika kwenye neno kambi sauti yake ilikatika, akakaa chini.

Watu wa Gidamowa walibishana kama watu wanaogawana shamba la marehemu. Wengine walitaka utando uchanwe leo. Gwandu alisimama na kusema yeye ameyaona makambi, alipeleka matofali huko, na bora anywe bila kiu nyumbani kuliko awe na kiu pwani. Remigia alisema watoto wachanga wote na mama zao waondoke kwanza, na hilo halikupingwa. Wizara ilipigiwa simu mbele ya watu wote, spika ikiwa juu, na ikakubali kutoufunga mji maadamu maji yako juu ya alama nyekundu. Mwishowe waliamua utando ubaki mpaka maji ya kuchimba yapatikane au mvua inyeshe, anayetaka kuondoka aondoke, na asiyeondoka awe na mwenzake. Kila mtu na mtu wake wa kumnywesha na kumtazama akimeza. King'ora wakakizima. Mama Qamara alisema hataki kukisikia tena.

Theodosia alivuliwa kazi wiki ile. Kesi ilifunguliwa, na aliambiwa asitoke nje ya mji mpaka iitwe. Chuo kilimwandikia kwamba hakimjui. Alitaka iwe hivyo, na hata hivyo iliuma. Asubuhi alikwenda kituo cha afya kupima maji na mikojo kwa niaba ya Remigia, bila malipo, na Remigia alimwonyesha meza bila kumsalimia.

Mtaa ulipogawanywa wawili wawili, yeye hakuwa na mtu. Mwenyekiti aliuliza mara mbili nani atamchukua Dokta, na watu wakatazama miguu yao. Hakuwalaumu. Alijiwekea saa ya simu, na mara nyingi aliisahau mahali.

Siku moja, alasiri, mlango uligongwa. Boay alisimama nje na ovaroli lake la kuchomelea, mkononi ana kopo la bati lililojaa maji. Alikuwa amekonda.

"Wangu angekuwa Fabiola," alisema. "Kama angekuwepo. Kwa hiyo mimi pia sina mtu."

Theodosia alianza na samahani, na Boay akatikisa kichwa.

"Sijaja kwa hilo. Hilo sina la kukupa." Alimnyooshea kopo. "Kunywa."

Alilipokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa ya vuguvugu na yana harufu ile ya samaki. Mwili wake wote ulikuwa kimya, haukuyataka hata kidogo. Alikunywa bila kupumzika, Boay akiwa amemkazia macho kooni, akihesabu mafunda, mpaka bati likalia tupu. Kisha Boay akaketi kwenye kizingiti na kusubiri, na Theodosia akaenda ndani kumtekea ya kwake.